Mateka wa Mtani Halali Njaa

Hasira zangu mimi ziko karibu. Nimezirithi kwa mama, kama sisi Waluguru tunavyorithi kila kitu kwa mama: ukoo, shamba na mdomo usiotulia. Kwa hiyo fikiria hali yangu siku watani walipolibeba boksi langu la mbu katikati ya ngoma ya mwali, wakaondoka nalo kwa vigelegele, na desturi ikanitaka nicheke. Nilicheka. Nilicheka hadi taya zikauma, huku moyoni nikiwalaani mmoja mmoja, kwa sababu ndani ya boksi lile ndimo ilimokuwa kazi yangu yote.

Mimi ni mtafiti wa mbu. Ukisema hivyo sokoni Morogoro, muuza nyanya anakuuliza kama kwenu mbu wameisha hadi uende kuwatafuta. Nimezoea. Nilikulia juu mlimani, kwenye matuta ya kabichi na karoti, mahali ambapo ukisimama uani asubuhi unauona mji wote huko chini, na reli inapotokea upande wa Kingolwira. Mjini walitujua kwa matenga kichwani na kwa kupenda ngoma. Kuhusu ngoma hawakukosea. Ila hakuna aliyetujua kwa hadubini.

Hadubini ya kwanza niliiona shule ya masista, nikiwa kidato cha pili. Ilikuwa moja, tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikaona kitu kirefu, cheusi, kimepinda. Nikapiga kelele kwamba nimemwona mdudu, tena mkubwa, tena anatikisika! Darasa zima likaja mbio. Sista naye akainama, akatazama weee, akaniambia nitazame tena bila kupepesa macho. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni kope yako." Nilichekwa muhula mzima, lakini siku ileile nikaamua. Kama kope yangu tu ilinipandisha wazimu kiasi kile, mdudu wa kweli je?

Kwetu neno la mwisho kuhusu mtoto ni la mjomba, kaka yake mama. Mjomba wangu ni mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache. Alipoambiwa nataka kusomea wadudu alijikuna kisogo, akauliza, "Sasa hao wadudu, akishawasoma, anawauza wapi?" Mama akamjibu kwamba hata yeye mjomba alisoma katekisimu na hakuna aliyemwona akiipeleka sokoni. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mjomba akishacheka huwa hana tena nguvu ya kukataa. "Basi asome," akasema, "lakini akimaliza aanze na mbu wa hapa kwangu."

Nilimaliza, ila kwa njia ndefu. Nilianza na cheti cha maabara, nikaajiriwa kubeba. Ndiyo, kubeba! Nilibeba boksi za watafiti kwenye majaruba ya mpunga ya Dakawa, tope magotini, mitego begani, betri mkononi. Wenye boksi walikuja kutoka kila pembe ya dunia, wakamaliza kazi zao, wakaondoka. Binamu yangu aliyesoma Mzumbe alikuwa akiniuliza kila sikukuu, "Hivi dada, ulisomea maabara au upagazi?" Nikarudi shule, nikapata digrii, nikaajiriwa tena, safari hii kama mtafiti, na bado watu wakinitazama waliliona boksi. Mgeni mmoja aliniomba kwa upole nimwitie mtafiti wa mbu wa milimani. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabisha hodi, nikaingia, nikampa mkono: "Karibu sana, nimeambiwa unanitafuta." Maskini, hakujua acheke au aombe radhi. Akafanya yote mawili.

Mbu wa milimani lilikuwa wazo langu mwenyewe. Wazee wetu walisema malaria ni ugonjwa wa bondeni, ukipanda mlima unauacha nyuma. Siku hizi watoto wanaugua hukohuko juu. Mimi nilikuwa na swali moja: mbu wa kwetu wakigusa dawa iliyo kwenye vyandarua, wanakufa, au wanajipangusa na kuendelea na safari? Kulijibu swali hilo kunahitaji mbu wengi wa umri mmoja, waliozaliwa maabara. Ili wazaliwe, mama zao lazima watage. Ili watage, lazima wanywe damu. Na hapo kwenye kunywa damu ndipo mbu wa kwetu waliponitia aibu.

Maabara tunawapa mbu damu ya ng'ombe iliyopashwa joto, ikafunikwa kwa utando mwembamba ili waudhanie ni ngozi. Mbu wa Dakawa wanaifakamia kama wamealikwa pilau. Wale wa mlimani waliusogelea utando, wakaukagua, wakarudi kukaa pembeni. Mara mbili niliwaleta, na mara mbili wakafa na njaa yao na heshima yao.

Bosi wangu ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, kwa hiyo ana kibali cha kunisema atakavyo. "Mbu wako wana majivuno kama wewe," alisema. Kisha akauweka utani kando. "Sikiliza. Lete mara ya tatu. Wakitaga, mradi huu ni wako, wewe ndiye kiongozi, jina lako mbele. Wasipotaga, tunahamia mabondeni na ataongoza mwenzako." Mwenzangu huyo ni kijana wa Dar, mtu mwema kabisa, jambo lililonikera zaidi maana sikuweza hata kumchukia. Nikamwomba bosi aniruhusu kuwalisha mbu kwa mkono wangu mwenyewe. Alikataa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mbu aliyetoka porini anaweza kuwa amebeba vimelea vya malaria. "Maabara hii," alisema, "haimlishi mdudu damu ya mtu."

Mara ya tatu iliangukia siku ya kumtoa nje mwali wetu, binti wa dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo. Nisingeweza kukosa hata kwa dawa. Nikaona hii ndiyo bahati yenyewe. Nilipanda mlima siku moja kabla, nikatundika mitego ya taa kwenye nyumba za ndugu, kando ya vitanda vyenye vyandarua. Alfajiri nikakusanya mbu waliokuja kutafuta kuuma wakaishia mtegoni. Walikuwa wengi, wazima, na wana njaa kali. Nikawagawa kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kwa wavu, juu ya kila wavu nikaweka pamba yenye maji ya sukari ya kuwashikiza. Vikombe vikaingia kwenye boksi la baridi pamoja na taulo mbichi, na boksi nikaliweka chumbani kwa mjomba, chini ya kitanda. Mpango ulikuwa nicheze, nile, kisha kabla jua halijazama nishuke na bodaboda.

Boksi lenyewe lilikuwa la bluu, lina mfuniko mweupe. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiliona kwenye sherehe anajua ndani mna soda.

Sasa, watani. Ukoo wetu, au lukolo kama tunavyouita, una ukoo mtani ng'ambo ya mto. Tukiwa na msiba wanatuzikia na tukiwa na sherehe wanatuharibia. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuchukua chochote atakachokikuta. Alichokichukua ni mateka, nawe utakikomboa kwa anachotaka. Kitu kimoja tu ni mwiko: kukasirika. Ukikasirika umelipa mara mbili, tena utaimbwa. Najua, kwa sababu nimeimbwa. Nikiwa mdogo walinichukulia kiatu harusini, nikaja juu, nikamng'ata mtu mkono. Wakatunga wimbo papo hapo kuhusu msichana wa mguu mmoja mwenye meno ya panya. Unaimbwa hadi leo. Kuna watoto wanaoujua wote na hawajui kwamba ni mimi.

Ngoma ilikolea mchana. Mwali alitolewa amebebwa begani, amefunikwa kanga mpya, na kinamama wakapiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani. Mimi nilikuwa katikati, nimejifunga kibwebwe, digrii nimeisahau kabisa. Ndipo watani wakaingia. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwembamba, mwenye baibui lililopauka na sauti ya kuuzia samaki. Akamwambia dada yangu kwamba mwali ni mzuri, bila shaka baba yake si yule aliyekaa pale. Akamnyang'anya mpiga ngoma kofia. Akaingia ndani kwa mjomba kana kwamba anaingia kwake, na alipotoka alikuwa na boksi langu kichwani.

"Huyu msomi wenu," akatangaza, "ameficha soda baridi chini ya kitanda wakati sisi tunakufa kwa kiu!"

Nilitimka. Sikufika mbali, mjomba alinikamata upindo wa kanga. "Cheka," akaninong'oneza. Nikasema, "Mjomba, mle ndani kuna..." Akasema tena, "Cheka, mwanangu, vinginevyo watakuimba mpaka uzeeni." Nikacheka.

Bibi mtani akaliweka boksi chini, akafungua mfuniko. Wenzake wakainama na vikombe vyao tayari. Kisha mmoja akapaza sauti: "Mbu! Jamani, amewafungia mbu na kuwawekea sukari!" Ngoma ikakatika kwa kicheko. Watu walianguka chini. Mwali mwenyewe, ambaye siku ile alitakiwa awe mpole na macho chini, alikuwa anatikisika ndani ya kanga. "Wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga mbu!" "Ndiyo maana hajaolewa, atalala nani kwenye nyumba hiyo?" Nami nacheka tu, ha ha ha, huku natazama mfuniko ulio wazi na jua linaloingia.

Bibi akainua mkono, watu wakatulia. "Eleza," akaniamuru. "Msomi, tueleze."

Nimeshazungumza kwenye kumbi zenye viyoyozi, lakini sikuwahi kuieleza kazi yangu kwa Kiluguru. Nilianza kwa kigugumizi. Sikuwa na neno la maabara, nikasema nyumba ya kuulizia maswali. Nikawaambia hawa ni mbu wetu, wa nyumba zetu hizi. Nataka kuwauliza kama dawa ya vyandarua inawaua au inawachekesha. Nikasema wana njaa, na damu tunayowapa mjini wanaikataa. Wasipokunywa hawatagi, na wasipotaga, kazi hii niliyoianza mwenyewe anapewa mtu mwingine, nami narudi kubeba boksi za watu. Niliposema hilo la mwisho sauti ilinigeuka kidogo. Sikutaka, lakini ilinigeuka.

Bibi akaviinamia tena vile vikombe. "Wanakataa chakula cha mjini?" akauliza. "Basi hawa ni Waluguru kweli." Watu wakacheka tena, na hapo mimi nilicheka kicheko changu cha kwanza cha kweli siku ile.

"Nirudishie, bibi," nikasema.

"Nikurudishie kwa lipi? Kesho asubuhi uje kwangu na jogoo. Na wimbo wa kiatu uuimbe mwenyewe, kwa mdomo wako. Leo mateka wanalala kwangu."

Nikamwomba asiwaweke juani, asiwaweke jikoni penye moshi, taulo lisikauke. Akaniinulia kiganja. "Unanifundisha kutunza mateka? Mateka wa mtani halali njaa."

"Na wasikuume, bibi. Wanaweza kuwa na malaria."

"Wameniuma tangu nizaliwe," akasema, akilitwika boksi, "leo ndiyo waanze kuomba ruhusa?"

Wakaondoka kwa wimbo. Nililionyesha tabasamu langu kwa kila mtu, kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia. Dada yangu akanifuata, akanipa bilauri ya togwa, akaniambia kwamba katika historia ya ukoo wetu hakuna mateka aliyewahi kufia kwa watani, hata yule mbuzi. Sikuuliza ni mbuzi gani.

Asubuhi nilishuka hadi mtoni, nikavuka, nikapanda ng'ambo, jogoo kwapani, mjomba nyuma yangu akiniombea kwa sauti ndogo. Bibi alikuwa uani anafagia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta jogoo au umeleta njaa?"

Nikamkabidhi jogoo. Kisha nikasimama mbele ya watani wote, mtu mzima na digrii yangu, nikaimba wimbo wa msichana wa mguu mmoja mwenye meno ya panya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuruka kwa mguu mmoja kunakoambatana nao. Wakanisahihisha ubeti wa pili. Nilipomaliza, boksi likaletwa.

Nikafungua. Taulo lilikuwa bichi, zuri kabisa. Nikainua kikombe cha kwanza kwenye mwanga. Nikakirudisha, nikainua cha pili. Nikainua cha tatu. Mbu walikuwa wametulia kwenye kuta za vikombe, wazito, matumbo yamevimba, mekundu. Walikuwa wameshiba! Wale mbu waliokufa mara mbili kwa kiburi, walikuwa wameshiba hadi kuruka hawawezi.

Nikamgeukia bibi. Alikuwa amekunja mkono wa baibui. Kuanzia kiwiko hadi kifundo, mkono wote ulikuwa vipele.

"Nilisubiri hadi baada ya magharibi, nikawafunika kanga wapate giza," akasema kwa raha zake. "Kikombe hiki, kisha kile. Mwanzo walikuja kwa adabu. Baadaye adabu wakaisahau."

Nikacheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, na katikati ya machozi hasira zangu zikafika, zile za kwa mama. "Bibi, nilikwambia!" nikafoka. "Nilikwambia wana malaria! Ukiugua je? Ukiugua mimi nitafanya nini na mayai?" Nilipiga mguu chini. Nilimwita mkaidi. Mjomba akafumba macho.

Watani wakakonyezana. Kisha wakalipuka: "Amekasirika! Amekasirika!" Bibi naye akapiga makofi kwa furaha. "Jogoo wa pili!" akasema. "Huyu hajakua, ni yuleyule wa kiatu." Lakini aliponisindikiza hadi mtoni alinishika mkono, na hakunitukana hata mara moja.

Palipo na mtandao, juu ya jiwe karibu na kanisa, nilimpigia bosi nikamweleza yote. "Bibi kwanza," akasema, "mbu baadaye." Akapanga nesi wa zahanati ya chini amwangalie bibi, na baada ya wiki mbili apimwe, au mapema akipata homa. Siku ileile aliiandikia kamati ya maadili ya utafiti, nami nikaandika upande wangu. Kueleza utani kwa lugha ya kamati si kazi ndogo. Kuhusu mradi hakusema kitu, nami sikuuliza.

Mbu wakataga. Niliingia chumba cha mbu asubuhi moja, nikafunua bakuli la kwanza, na juu ya karatasi mbichi nikaona vumbi jeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Jikoni ungelifuta kwa kitambaa bila kufikiri. Nikaliweka chini ya hadubini, nikahakikisha kwanza kwamba si kope yangu. Yalikuwa mayai, mengi, mazuri! Katika chumba kile ni marufuku kukimbia, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni marufuku kucheza. Yule kijana wa Dar alinikuta nimejifunga koti kiunoni. Akauliza kuna nini, nikamwonyesha, naye akacheza. Nilisema ni mtu mwema.

Lakini furaha yangu ilikuwa ya mguu mmoja. Kila asubuhi mjomba alivuka mto kumjulia hali bibi, kisha akanipigia simu. "Leo amesema ukoo wetu una vichwa vya malimao." Nikashusha pumzi. "Leo amesema wewe utaolewa na fundi wa vyandarua." Nikamshukuru Mungu. Matusi yake yalikuwa ndiyo kipimo changu. Mgonjwa wa malaria hana nguvu za kutunga. Mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakanenepa, na matusi yakaendelea kuja.

Wiki mbili zilipotimia, mjomba akapiga simu na sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo hakuna neno," akasema. "Mlango umefungwa. Majirani wanasema aliondoka kabla ya adhana."

Akilini nikamwona bibi yuko kwenye machela, anashushwa mlima kwa migongo ya watu, kwa sababu yangu, kwa sababu ya swali langu na jina langu mbele. Nilikuwa nimeshachukua mkoba nikimbilie hospitali, wakati mlinzi alipopiga kutoka getini. "Dada, kuna bibi hapa ana tenga la magimbi," akasema. "Ameshachukua filimbi yangu. Anasema amekuja kuona wajukuu."

Nilikimbia hadi getini. Nilimkumbatia hadi akalalamika mbavu. Nesi wa kituo chetu akamtoboa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, tukakaa kusubiri mistari, mimi, bosi, kijana wa Dar, na mlinzi aliyekuwa anasubiri filimbi yake. Mstari mmoja ukajitokeza. Wa pili ulikuwa hautakiwi, nao haukuja. Nesi akatazama, akangoja, akatazama tena. "Bibi ni mzima," akasema. Bosi alivua miwani akajifuta macho, akasingizia jasho.

Tukampeleka kwenye kioo cha chumba cha mbu. Wakati huo walikuwa wameshaota mbawa, vizimba kwa vizimba, wamekaa kwenye nyavu.

"Wote hawa?" akauliza.

"Wote, bibi."

"Damu ya nani?"

"Yako."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni wa lukolo wangu. Kwetu mtoto ni wa mama." Akamgeukia bosi, akampima kuanzia viatu hadi upara. "Na wewe, kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Shikamoo."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwaka vile. Hata marahaba hakuitoa. Koti jeupe la bosi lilikuwa limetundikwa mlangoni. Alilishusha, akalivaa juu ya baibui, akafunga vifungo vyote. "Mateka," akasema. "Utamkomboa kwa majogoo wawili, mmoja ni deni la huyu mwenye hasira. Na uje nyumbani, usimame mbele za watu, useme kazi hii ni ya nani."

Bosi akacheka, kwa sababu Mnyamwezi anajua sheria. Bibi akaanza safari ya kurudi mlimani na lile koti. Kutoka dirishani tulimwona akikata njia sokoni, mweupe pee, watu wakimpisha na kumwita daktari.

Tulipanda Jumapili baada ya misa, na koo zote mbili zilikuwepo. Bosi alitoa majogoo wake, akakohoa, akasema kwa sauti ya mkutano kwamba kamati imetoa ruhusa, mbu wanaendelea, na kiongozi wa mradi ni huyu hapa. Akanionyesha kwa mkono wote. Mjomba wangu, mtu wa maneno machache, akapiga kelele, "Anawauza wapi?" na mama akamtupia kanga.

Bibi akavua koti, akamrudishia bosi. Bosi akatia mkono mfukoni, akakunja uso, akatoa gimbi la kuchemsha. Akatia mfuko wa pili, gimbi. Mfuko wa kifuani ulikuwa na karanga.

"Mateka wa mtani halali njaa," bibi akamkumbusha.

Bosi alilitazama koti, akanitazama mimi, akaja kuniwekea mabegani. "Wewe ndiye mwenye mradi," akasema. "Mimi ninalo jingine." Lilikuwa refu kwangu, zito kwa magimbi, na linanuka moshi wa jikoni kwa bibi. Watu wakaanza kuuimba wimbo wa kiatu, nami nikasimama mbele yao kuwaeleza, kwa Kiluguru, nyumba ya kuulizia maswali inataka kuwauliza nini mbu wao. Nilieleza nikiwa natafuna.